THOMAS BEWICK, MCHONGAJI WA VIBAO VYA PICHA

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alitaka baadhi yetu tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuaga dunia. Wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa, wanariadha na waandishi, nami sina ubishi nao. Mimi nimemchagua fundi. Tena si fundi wa majumba ya fahari, bali mtu aliyetumia maisha yake kuchonga vipande vya mbao ambavyo vingi vyavyo vingeweza kukaa juu ya kiganja chako. Jina lake ni Thomas Bewick, Mwingereza.

Sababu yangu ni hii. Siku hizi kuna mashine za leza ambazo huchonga kibao cha kupigia chapa kwa dakika chache, na nimewasikia wenzetu wakisema kwamba basi, mkono wa mtu hauna kazi tena, na ya nini mtu kujisumbua kujifunza kuchora. Swali hilo linanihusu mimi mwenyewe kwa kuwa napenda kuchora, na nyumbani huulizwa kila siku kama kuchora kutanipa ugali. Nilipoyasoma maisha ya mzee huyu niliona kwamba ana jibu, ingawa aliaga dunia zamani sana kabla ya leza kubuniwa.

Bewick alizaliwa Agosti 1753 katika nyumba ndogo ya shambani iitwayo Cherryburn, karibu na mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake alikodi shamba dogo na pia alikuwa na mgodi mdogo wa makaa ya mawe. Hawakuwa maskini hohehahe, lakini matajiri pia hawakuwa. Walikuwa watu wa kujisukuma kama wazazi wetu wengi.

Alisomea kijijini Ovingham, ng'ambo ya mto, chini ya kasisi aliyeitwa Gregson. Kijana alikuwa mtundu, na masomo ya Kilatini hayakumwingia. Kilichomwingia ni kuchora. Alichora pambizoni mwa vitabu hadi nafasi ikaisha, akachukua chaki akaanza kuchora juu ya mawe ya makaburi na sakafu ya baraza la kanisa. Akirudi nyumbani, anachora sakafuni karibu na meko. Hakuwa na mwalimu wa sanaa wala hakuwahi kuona picha za maana. Alizoziona ni nembo ya mfalme kanisani na mabango ya vilabu vya pombe, moja lenye fahali mweusi, jingine farasi mweupe. Hata hivyo majirani waliipenda michoro yake ya wawindaji na mbwa wao, wakaitundika kutani mwao. Wapo kati yetu wanaoadhibiwa kwa kuchora nyuma ya daftari la Hisabati, sitaji majina. Wajue kwamba hawakuanza wao.

Tarehe 1 Oktoba 1767, akiwa na miaka 14, alifungishwa mkataba wa uanagenzi wa miaka saba kwa Ralph Beilby, mchongaji mjini Newcastle. Usidhani alikwenda kuchora ndege na maua. Karakana ile ilipokea kila kazi iliyoingia mlangoni: kuchora majina kwenye mikanda ya mbwa, vibao vya milango, mihuri, nyuso za saa, vijiko vya fedha na mapambo ya panga. Yaani ilikuwa jua kali kweli kweli. Mteja anakuja na shida yake, anatatuliwa, analipa, anaenda zake.

Beilby hakupenda kuchonga mbao. Aliiona kazi duni, kwa sababu wakati ule picha za vibao vya mbao zilikuwa za karatasi za nyimbo za bei rahisi zilizouzwa barabarani, hali vitabu vya maana vilichapwa kwa picha za shaba. Kwa hivyo kazi za mbao zikija anamtupia mwanagenzi. Ama kweli mungu akikunyima hiki hukupa kile. Mwalimu mmoja wa Hisabati mjini humo, Charles Hutton, mwana wa mchimba makaa, alikuwa akitayarisha kitabu cha vipimo kilichokamilika mwaka wa 1770, naye alihitaji michoro ya pembe na duara ichongwe kwenye mbao. Kijana Bewick akaichonga. Kumbe hesabu alizozikimbia shuleni ndizo zilizomfungulia njia!

Hapa niwaeleze kidogo jinsi kibao kinavyofanya kazi. Katika shule ya msingi wengi wetu tulikata kiazi nusu, tukachonga nyota juu yake, tukapaka rangi na kugonga kwenye karatasi. Kile unachokikata hakigusi karatasi, basi kinabaki cheupe. Kile unachokiacha kimeinuka kinapokea rangi na kuiweka karatasini. Hiyo ndiyo siri nzima. Kibao cha mbao ni kiazi kilekile, ila kinaweza kugongwa mara nyingi mno.

Shaba hufanya kinyume chake. Fundi huchimba mstari, wino huingia ndani ya mfereji, uso wa juu hupanguswa, na karatasi hubanwa kwa nguvu nyingi ili iufuate wino ndani. Picha hutoka nzuri, lakini inahitaji mashine yake peke yake, kwa hivyo maneno na picha haviwezi kuchapwa kwa mkupuo mmoja. Kibao cha mbao kikikatwa kwa kimo sawa na herufi za risasi, kinapangwa pamoja nazo, wino unapakwa mara moja na ukurasa unatoka na maneno na picha pamoja. Ni rahisi zaidi kwa mfuko wa mnunuzi. Kilichokosekana ni uzuri, na huo ndio Bewick alioleta.

Aliufanyaje? Kwanza, hakutumia ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti, ambao nyuzi zake humpeleka fundi zisikotaka. Alitumia kipande kilichokatwa kwa kukingama gogo, upande ule unaoonyesha duara za umri wa mti. Mti wenyewe unaitwa boksi, mgumu na wenye chembe ndogo sana, tena shina lake ni jembamba, ndiyo maana picha zake ni ndogo. Juu ya uso huo alitumia chuma chembamba chenye ncha kali, kile cha wachongaji wa shaba. Hakuwa wa kwanza kabisa kufanya hivyo, lakini ndiye aliyeionyesha dunia uwezo wake.

Pili, aliwaza kutoka gizani kwenda kwenye nuru. Kibao kisichochongwa kikipakwa wino huchapa weusi mtupu. Kila mkato ni mstari mweupe. Basi badala ya kuhangaika kuuacha mstari mweusi usimame, yeye alichora kwa mikato myeupe, mmoja kwa unyoya, mmoja kwa jani, hadi ndege akatokea gizani. Tatu, alikuwa na ujanja mwingine. Sehemu alizotaka ziwe hafifu, kama vile milima ya mbali, alizikwangua zikashuka kidogo sana chini ya uso wa kibao kabla ya kuzichonga. Hapo karatasi haikuzibana sana, na zikatoka kijivu badala ya nyeusi. Ninyi mnaofanya somo la Sanaa mtaniunga mkono kwamba huo ni ustadi.

Mwaka wa 1775, muda mfupi baada ya kumaliza uanagenzi, vibao vyake vya hadithi za wanyama vilishinda tuzo ya chama cha sanaa cha London. Aliambiwa achague nishani au pesa gini 7. Akachagua pesa, akampelekea mama yake. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu huko Uskoti, kisha akaenda London ambako kazi ilikuwa tele. Lakini jiji lilimchosha. Aliona afadhali kuchunga kondoo kwao kuliko kutajirika mahali kama pale. Mwaka wa 1777 alirudi Newcastle, na Beilby akamfanya mshirika wake.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo alikuwa akitembea kila wiki kwenda Cherryburn kuwaona wazazi wake, zaidi ya kilomita 15 kwenda tu, kiangazi na kipupwe. Sisi tunaosoma shule ya kutwa tunajua maana ya kutembea, lakini huyu alivuka mto wenye vipande vya barafu. Mto ukifurika asiweze kuvuka, alisimama ukingoni akapaza sauti kuwauliza hali zao ng'ambo, akijibiwa anageuka kurudi. Nawaambia wasiojua: katika matembezi hayo ndimo alimoyaona yote aliyoyachonga baadaye. Kondoo mwenye njaa kwenye theluji, mzee kipofu na mbwa wake, mtoto anayemvuta farasi mkia, msafiri aliyepigwa na mvua.

Mwaka wa 1785 ulikuwa mchungu. Mama yake alifariki, kisha dada yake, na mwezi wa Novemba baba yake. Siku ileile baba yake alipofariki ndipo Bewick alipoanza kuchonga kibao cha kwanza cha kitabu kikubwa cha wanyama wa miguu minne, na mnyama huyo alikuwa ngamia. Kazi hiyo aliifanya zaidi jioni, baada ya kazi za wateja. Kitabu kilitoka 1790, kikatoka tena 1791 na 1792. Kwa mara ya kwanza watoto wa watu wa kawaida waliweza kuona fahali, mbweha na mbwa wakiwa kama wenyewe kabisa.

Hata hivyo kuna jambo tunalopaswa kulitazama sana sisi Wakenya. Kitabuni mna wanyama wa Afrika pia, twiga, kifaru na kiboko miongoni mwao, lakini hao ndio waliotoka dhaifu kuliko wanyama wa kwao. Chuma kilikuwa kilekile, mbao zilezile, mkono uleule. Tofauti ni kwamba farasi na ng'ombe aliwajua tangu utotoni, hali wanyama wengi wa mbali aliwatoa katika michoro ya watu wengine. Mkono hauwezi kuchonga kile ambacho jicho halijakiona.

Somo hilo yeye mwenyewe alilielewa. Alipoanza kitabu cha ndege wa Uingereza, mwaka wa 1791 alikwenda mahali paitwapo Wycliffe kuchora ndege waliokaushwa katika mkusanyiko wa tajiri mmoja, Marmaduke Tunstall, aliyekuwa ameshafariki. Alikaa huko akichora, lakini akagundua kwamba waliowakausha hawakujua ndege anavyosimama. Shingo zimepinda visivyo, manyoya hayakukaa mahali pake. Basi akaazimia kungojea ndege halisi, walio hai au waliokufa punde, na marafiki na wavuvi wakawa wanamletea. Ndiyo maana kazi ilichukua miaka mingi. Juzuu ya ndege wa nchi kavu ilitoka 1797, ya ndege wa majini 1804. Katikati ya hapo yeye na Beilby walitengana, kwa sababu Beilby aliyeandika maelezo ya juzuu ya kwanza alitaka aitwe mtunzi wa kitabu. Juzuu ya pili Bewick aliandika maelezo mwenyewe.

Si kila kitu kilimnyookea. Mwaka wa 1789 alichonga fahali mweupe wa Chillingham, kibao kikubwa kuliko vyote alivyokuwa amechonga. Baada ya kuchapa nakala chache tu, kibao kikapasuka. Lakini vingine vilikuwa na maisha marefu ajabu. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kibao kimoja chenye picha ya mji wa Newcastle, kilichotumiwa na gazeti, kilikuwa kimechapwa zaidi ya mara 900,000 na bado kinatumika. Sifa zake zilivuka bahari. Mchoraji wa ndege wa Marekani, John James Audubon, alimtembelea 1827, na aina moja ya bata maji ilipewa jina lake 1830. Wanagenzi wake kadhaa, kama Luke Clennell na William Harvey, wakawa mafundi wenye majina.

Sasa turudi kwenye leza. Nina mjomba anayetengeneza mihuri ya mpira mjini. Msomaji, muhuri unaogongwa kwenye ripoti yako ya shule ni mtoto wa kibao cha Bewick: kilichoinuka kinachapa, kilichokatwa hakichapi. Zamani mafundi wengine walikata mpira kwa wembe. Mjomba anatumia mashine ya leza. Nilipomtembelea likizoni alinionyesha hatua zote. Mchoro unaingizwa kwenye kompyuta na kugeuzwa kama kwenye kioo, maana chapa hugeuza kila kitu, jambo ambalo Bewick alilazimika kulifanya kichwani. Kisha mwali wa leza hupita kushoto na kulia, mstari baada ya mstari, ukiunguza sehemu zinazotakiwa kuwa nyeupe. Herufi huachwa zimesimama, na kuta zake hupanuka kwenda chini kama mguu wa mlima ili zile nyembamba zisipinde zikigongwa. Moshi unavutwa nje kwa feni. Mwishowe mpira unasuguliwa kwa brashi na sabuni, unagundishwa kwenye mpini, kazi kwisha.

Nilimuuliza kama anaweza kuchonga mbao vilevile. Akasema inawezekana, lakini ubao laini wenye mistari humsumbua, kwa sababu leza hula haraka pale penye ulaini na polepole pale penye ugumu, chini pakawa na mabonde. Ubao wenye chembe ndogo zilizo sawa ndio mzuri. Nilicheka moyoni, kwani hiyo ndiyo sababu Bewick aliupenda mti wa boksi. Akanionya pia kwamba plastiki ya aina ya pivisi haiingizwi katika mashine hiyo hata kidogo, kwa vile ikiungua hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu na kula vyuma.

Lakini kilichonifunza zaidi ni kazi ya mteja mmoja. Alileta nembo ya ng'ombe iliyonakiliwa mara nyingi hadi miguu ikawa kama vijiti vinne. Mashine ilichonga vijiti vinne, tena kwa usafi wa hali ya juu! Mashine haikukosea, maana ilifuata ilichopewa. Mjomba alilazimika kuketi na penseli kumchora ng'ombe upya, magoti, kwato na yote. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akaniambia alichunga ng'ombe tangu akiwa na miaka sita.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Leza imechukua sehemu ya kazi ya Bewick, ile ya kuondoa kisichotakiwa, na imeichukua vizuri, mimi siilaumu. Haikuchukua sehemu ya kujua ni nini kisichotakiwa. Hata ule ujanja wa kushusha milima ya mbali ili itoke kijivu, mashine haitaufanya kwa hiari yake. Itauacha uso wote kimo kimoja mpaka atokee mtu anayejua sababu, aiamuru au akwangue kwa mkono.

Bewick alifanya kazi hadi mwisho. Katika uzee wake alikuwa akichonga kibao kikubwa cha farasi mzee, aliyekonda, amesimama kwenye mvua akingojea kifo baada ya kuwatumikia watu maisha yake yote. Alinuia picha hiyo iuzwe kwa bei rahisi na kubandikwa kwenye nyumba za watu wa kawaida, ili iwafunze kuwahurumia wanyama. Hakuwahi kuimaliza. Nakala za majaribio zilichapwa siku chache tu kabla hajafariki tarehe 8 Novemba 1828, akiwa na miaka 75. Alizikwa Ovingham, katika uwanja wa kanisa lilelile ambalo sakafu ya baraza lake aliichora kwa chaki.

Wenzangu mnaopenda kuchora, msiiogope mashine. Siku itakapofika shuleni kwetu, na naomba ifike, itahitaji mtu wa kuilisha mchoro. Pale uwanjani petu kwarara hushuka kila asubuhi kabla ya gwaride, na ng'ombe wa jirani hupita nyuma ya maabara jioni tukienda nyumbani. Hebu tuanze na hao. Tuwatazame wanavyosimama, tuwachore, turudie tena. Leza itatukuta tayari.